Bahari ina wenyewe: zana za kidijitali mikononi mwa walinzi wenyeji wa kaskazini mwa Australia



Katikati ya miaka ya 1990, kwenye mwambao wa Blue Mud Bay katika Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, watu wa ukoo wa Madarrpa walikuta kambi ya wavuvi haramu mahali wanapopaheshimu kuliko pengine pote. Wavuvi walikuwa wamekwisha ondoka. Ndani ya gunia walikuwa wameacha kichwa cha mamba kilichokatwa. Ukoo huo, ulio mmoja wa koo za Wayolngu, unamhesabu mamba kuwa babu yake, na pale ndipo penye kiota chake.

Kiongozi wao, Djambawa Marawili, na wazee wa koo jirani waliita wachoraji. Walifika 47, wakachora kwenye magome ya miti picha 80 za bahari yao: mikondo, miamba, mapito ya kasa, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, na kila kipande ni cha nani. Leo picha hizo ziko Sydney katika jumba la makumbusho ya bahari, na watu huzitazama kwa uzuri wake. Wenyewe walizichora kama hati ya kumiliki. Madai yao yalikwenda mahakamani, yakapanda ngazi moja baada ya nyingine, hata Julai 2008 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba penye ardhi ya wenyeji, maji yanayofunika eneo la kupwa na kujaa hayaingiwi kuvuliwa bila ruhusa yao. Uamuzi huo uligusa takriban asilimia 80 ya mwambao wa Northern Territory.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Wayolngu kusema na serikali kwa magome. Mwaka 1963, wazee wa Yirrkala waliposikia kwamba nchi yao imekatwa kipande na kupewa kampuni ya kuchimba boksiti, waliandika ombi kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakalibandika juu ya magome yaliyochorwa kandokando, wakalipeleka Bungeni Canberra. Bunge lililipokea. Mgodi ulichimbwa hata hivyo.

Nimeanza na magome kwa sababu nataka tukitazame kishikwambi cha mlinzi wa bahari kwa jicho hilohilo. Wako wanaosema teknolojia imekwenda kuwapa wenyeji uwezo wa kuijua nchi yao. Hilo si kweli, na ni dharau. Nchi yao waliijua. Walichokosa muda wote ni namna ya kuyasema wanayoyajua mbele ya serikali, mahakama na wanasayansi hata wakubaliwe bila kuletewa mtu mwingine wa kuwathibitisha. Nukta ya GPS yenye tarehe na picha ni gome la zama hizi. Basi maswali tuliyopaswa kuuliza juu ya gome ndiyo ya kuuliza juu ya nukta: nani ameamua kitu gani kichorwe, na mchoro ukishakamilika unakaa kwa nani?

Walinzi hawa ni wanaume na wanawake walioajiriwa kutunza nchi na bahari ya mababu zao. Shirika la Dhimurru, huko Nhulunbuy, lilianza mwaka 1992. Hifadhi ya kwanza iliyotangazwa na wenyeji wenyewe kwenye ardhi yao, Nantawarrina ya Australia Kusini, ni ya 1998. Mwaka 2007 serikali ya shirikisho ilianza mpango wa kuwalipa walinzi mishahara ya kueleweka. Hifadhi za aina hiyo sasa zinapita 80, na zinafanya zaidi ya nusu ya eneo lote la hifadhi za nchi kavu za Australia. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watu wenye dhamana kubwa, wala si juu ya kikundi cha kujitolea mwisho wa wiki.

Moja ya zana zao za mwanzo za kidijitali ilitoka hapa Afrika, na ningependa jambo hilo lijulikane zaidi kwetu. Louis Liebenberg wa Afrika Kusini alikaa miaka mingi na wawindaji Wasan wa Kalahari, akajifunza kusoma nyayo, na mwaka 1990 akatoa kitabu kinachodai kwamba sayansi ilianzia katika usomaji huo wa nyayo. Wawindaji hao waliweza kutazama mchanga na kukuambia mnyama gani amepita, saa ngapi, akiwa na njaa au ameshiba. Lakini wengi wao hawakwenda shule, na ofisi za hifadhi hupokea maandishi tu. Liebenberg, pamoja na mwanafunzi wa kompyuta wa Cape Town, akatengeneza programu isiyohitaji kusoma: unagusa picha ya mnyama, kisha picha ya anachofanya, kisha picha ya mmea anaokula, na chombo chenyewe kinaandika mahali na saa. Akaiita CyberTracker. Mwaka 1999 walinzi wawili wa Hifadhi ya Karoo, wasomaji wa nyayo, walitajwa katika jarida la Pachyderm kama waandishi wenza wa makala juu ya kufuatilia faru kwa chombo hicho. Tafakarini hilo kidogo. Mtu asiyejua kuandika ni mwandishi wa makala ya kisayansi, na ni haki yake kabisa, kwa sababu maarifa yaliyomo ni yake.

Programu hiyo ndiyo iliyovuka Bahari ya Hindi. Umoja wa wenyeji wa kaskazini mwa Australia unaoshughulikia nchi na bahari, NAILSMA, uliichukua na, kwa kukaa na vikundi vya walinzi, ukaijenga upya iwe ya doria za baharini, nguva na kasa, magugu na moto. Wakaiita I-Tracker.

Chukueni wavu mmoja tuone kazi inavyokwenda. Ghuba ya Carpentaria ina umbo la mtego: pepo na mikondo huingiza humo nyavu zilizokatika au kutupwa na meli katika Bahari ya Arafura, nyingi zikitoka nje kabisa ya maji ya Australia. Mlinzi anapita ufukweni, anaona bonge limefukiwa nusu mchangani. Anagusa picha ya wavu. Chombo kinauliza ukubwa wa bonge. Anavuta jicho la wavu hadi likaze, anapima kwa rula kutoka fundo hadi fundo. Rangi ya uzi? Umesokotwa au umesukwa? Una maboya? Kuna kiumbe ndani, na kama yupo, ni mzima au amekufa? Anapiga picha. Hakuna mtandao pale, wala hauhitajiki; kila kitu kinabaki ndani ya chombo mpaka jioni ofisini. Baadaye trekta au watu wanne wenye visu wanakuja kuling'oa.

Maswali hayo yanaonekana madogo, lakini jicho la wavu na msokoto wa uzi hueleza ni wavu wa samaki gani na ulitengenezewa uvuvi wa wapi. Kumbukumbu za walinzi zilipokusanywa pamoja, watafiti wakiwemo wa taasisi ya sayansi ya taifa, CSIRO, walikokotoa kutokana na nyavu 8,690 kwamba zilikuwa zimenasa kasa kati ya 4,866 na 14,600. Aina za nyavu zilizoua zaidi nazo zikajulikana. Hakuna meli ya utafiti ambayo ingeweza kupita fukwe zote zile mwaka hadi mwaka. Hesabu hiyo ipo kwa sababu watu wanaoishi pale walipima uzi kwa rula, wavu mmoja baada ya mwingine.

Kuna faida nyingine inayosemwa kidogo mno. Kwa miaka mingi walinzi wengi wa bahari hawakuwa na mamlaka ya kukamata. Wakikuta boti ya wavuvi kwenye maji yao, kazi yao ilikuwa kuona na kutoa taarifa. Taarifa ya mdomo iliishia kwenye meza ya mtu. Taarifa yenye picha, saa na mahali kamili inamlazimu ofisa wa uvuvi kujibu.

Sasa nije kwenye moto, ambao ndio moyo wa kazi yote ya kaskazini.

Uwanda wa mawe wa Arnhem Land ya magharibi uliwahi kuchomwa kila mwaka na wenyewe, kidogokidogo, mwanzo wa kiangazi majani yakiwa na umande. Kisha katika karne ya 20 watu walishuka kwenda misheni, migodini, kwenye kambi za nyati na mashamba ya ng'ombe. Uwanda ukabaki mtupu. Moto haukukoma; ulibadilika. Ukawa moto wa mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Novemba, unaotembea kwa wiki nyingi na kuua hata miti iliyozoea moto. Wazee waliokumbuka utaratibu wa zamani walirudi juu na vijana wao, na wanasayansi waliokuwa tayari kusikiliza wakafuatana nao. Mwaka 2006 ukatiwa saini mkataba: kampuni ya ConocoPhillips, iliyokuwa na kiwanda cha gesi Darwin, ililipa ili vikundi vya walinzi vichome mapema katika eneo la kilomita za mraba 28,000, kwa kuwa moto wa mapema hutoa methani na oksidi ya nitrasi kidogo kuliko moto wa mwisho wa kiangazi. Lengo lilikuwa kupunguza tani 100,000 za gesi joto kwa mwaka. Huo ukawa mfano wa biashara nzima ya kaboni ya savana iliyofuata.

Zana hapa ni setilaiti. Tovuti ya taarifa za moto ya kaskazini, NAFI, inaonyesha kila siku nukta za joto, na baada yake makovu ya moto, kwa rangi zinazotofautisha mwezi na mwezi. Asubuhi walinzi huitazama pamoja na wazee. Mzee anajua majina ya mabonde na nani wa kuombwa ruhusa. Ramani inajua kilichoungua jana upande wa pili wa mlima. Wanapanga pa kutembea na viberiti na pa kupita na helikopta. Wanaohitaji kuthibitisha kupungua kwa gesi nao hutegemea ramani hizo. Siku hizi mshahara wa mlinzi, na shule ndogo za watoto wanaoishi na wazazi wao kwenye nchi ya mababu, vinaegemea kwenye hesabu inayoanzia kwenye picha ya setilaiti.

Jambo linalotugusa hapa ni kwamba adui mkubwa wa moto wa mapema ni jani la kwetu. Gamba, Andropogon gayanus, ni nyasi ya savana za Afrika, iliyopelekwa huko kwa malisho ya ng'ombe. Inarefuka kupita mtu na inaungua kwa joto ambalo miti ya Australia haikuumbwa kulistahimili. Nyasi ya para, nayo ya Afrika, imeingia kwenye mbuga za maji.

Nyasi hiyo ya pili inatufikisha katika Hifadhi ya Kakadu, kwenye tambarare ya Nardab. Wabininj, wenye nchi, waliona para imefunika maji, na bata bukini weusi kwa weupe waliokuwa wakija kwa maelfu wametoweka. Walikaa na CSIRO, Microsoft na washirika wengine, lakini wao ndio walioweka vigezo. Waliulizwa nchi yenye afya ni ipi, wakasema: yenye bata bukini, isiyo na para, na ambayo tunaweza kuwapeleka watoto kuwinda na kula. Walinzi wakarusha droni, wakapiga maelfu ya picha, na akili mnemba ikafundishwa kutenganisha para na nyasi za pale na kuhesabu ndege. Wapi droni ipite na wapi isipite kabisa, wazee waliamua. Nyasi ikanyunyiziwa dawa na kuchomwa, na ndani ya muda mfupi bata wakaongezeka kutoka makumi machache hadi zaidi ya elfu. Mashine ilifanya kazi ya kuchosha ya kuhesabu. Swali halikuwa lake.

Jangwani, magharibi ya mbali, ndege mmoja amenipa sababu nyingine ya kuamini njia hii. Kasuku wa usiku ni kijani, anajificha mchana ndani ya mafundo ya nyasi ya miiba, na kwa muda mrefu wengi walimdhani ametoweka duniani, mpaka picha yake ilipopatikana Queensland mwaka 2013. Walinzi wa Ngururrpa, katika Great Sandy Desert, waliweka vinasa sauti mahali 31 ambapo kwa kuijua nchi yao waliona panamfaa. Sauti yake ikasikika mahali 17. Matokeo yaliyotolewa 2024 yanakisia kwamba huenda wako ndege 50 pale, idadi kubwa kuliko popote panapojulikana. Kamera zilionyesha pia dingo wengi, na vinyesi vyao vilionyesha kwamba wanakula paka, ambao ndio wawindaji wa kasuku. Ushauri uliotoka ni kutowaua dingo hao kwa sumu, na kuchoma vipande vya nchi mapema ili radi isije ikateketeza mafundo makuukuu anamolala ndege.

Nimesifu. Sasa niseme linalonisumbua.

Takwimu ikishatoka kwenye chombo inaweza kwenda popote. Mahali pa kutagia kasa pakiwekwa kwenye ramani ya wazi, jangili naye anaiona. Mahali patakatifu pa wanawake pakirekodiwa na kijana wa kiume kwa bahati mbaya, jina na picha ya mahali hapo vinakaa kwenye seva ya mji wa mbali, na hakuna mzee wa kuzuia. Kampuni ya madini inaweza kuomba taarifa ambazo walinzi walizikusanya kwa ajili ya kuitetea nchi dhidi ya mgodi wa kampuni hiyohiyo. Haya wenyeji wameyaona mapema. Kule Tennant Creek, Wawarumungu walishirikiana na mtafiti Kimberly Christen kujenga Mukurtu, mfumo wa kuhifadhi picha na kumbukumbu ambamo anachokiona mtu kinategemea yeye ni nani katika ukoo: jinsia, undugu, mahali. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa wenyeji ulitoa kanuni nne za takwimu, zijulikanazo kama CARE: manufaa ya pamoja, mamlaka ya kuamua, uwajibikaji na maadili. Mamlaka ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Bila hiyo, nyingine tatu ni hisani ya mwenye seva.

Liko pia tatizo la kuhesabika. Mfadhili wa miaka mitatu au mitano anataka namba: hekta zilizochomwa, nyavu zilizotolewa, saa za doria. Siku ambayo mlinzi ameketi na bibi yake chini ya mti akifundishwa majina ya visima haina kitufe. Mwisho wa mwaka siku hiyo inaonekana kama siku ya uvivu, kumbe bila siku kama hizo, baada ya miaka ishirini patakuwa na walinzi wenye vishikwambi vizuri na wasiojua waulize nini. Ninaamini hili ndilo jambo la hatari zaidi katika mfumo mzima, kwa sababu halifanywi na mtu mbaya. Linafanywa na fomu.

Kwetu haya si mambo ya mbali. Nguva wanaohesabiwa katika Mlangobahari wa Torres, walio wengi kuliko mahali pengine popote duniani, ni jamii moja na wale wachache mno ambao wavuvi wa Rufiji, Mafia na Kilwa bado hukutana nao nyavuni. Katika Bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja mwaka 2011, na walinzi wa jamii wanapita msituni wakirekodi wanyama na uvamizi kwa ajili ya mradi wa kaboni unaolipa vijiji. Katika madiko yetu wakusanyaji wa takwimu za samaki siku hizi wanaandika kwa simu. Tumekwisha kuingia.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wizara zetu mbili, ya Bara na ya Zanzibar, na kwa wenzetu wa Kenya, ni la kiofisi tu, na linaweza kuandikwa kwenye mkataba mmoja wa kurasa mbili. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, kinapopewa chombo cha kukusanyia takwimu, nakala kamili ibaki kwenye kompyuta ya kikundi, kwa Kiswahili, katika umbo ambalo katibu wake anaweza kulifungua bila kumpigia mtu simu Dar es Salaam au Nairobi. Maswali yaliyomo yapitishwe kwanza na mkutano mkuu wa wavuvi, pamoja na kina mama wa pweza na mwani, na mkutano huo uwe na haki ya kuongeza swali lake na kufuta lisilofaa. Mahali pa kutagia kasa na penye nguva pasichapishwe bila idhini yao. Na fedha za mradi zitenge siku za wazee kukaa na vijana baharini, zilipwe kama siku za doria zinavyolipwa, na ziwe na mstari wake kwenye ripoti. Wanafunzi wa kompyuta mliomo humu, anayetaka kuuandika mkataba huo pamoja nami anikute baada ya maswali. Rasimu ya kwanza ninayo.